Chujio la Wazi

"Vuta mafuta. Vuta zaidi, usiionee huruma."

Chiriku alivuta. Pikipiki ikanguruma hadi mabati ya karakana yakatetemeka, na kuku wa jirani wakakimbilia uvunguni mwa gari bovu. Baba yake aliinama pembeni ya injini, ncha ya bisibisi yake ndefu imegusa silinda, mpini ameukaza nyuma ya sikio, macho ameyafumba. Kwa mkao huo ndipo mtaa mzima ulipompa jina la Fundi Sikio. Zamani pikipiki ilikuwa haijakata kona, yeye ameshasema ni vali au ni mnyororo. Watu wakibisha, injini inafunguliwa, na kweli ni vali. Jina la namna hiyo halinunuliwi dukani. Lilivuta wateja wakapita karakana nyingine bila kusimama, na kila kilichokuwamo ndani ya nyumba ile, kuanzia kitanda cha chumbani hadi shule aliyosoma Chiriku, kilikuwa kimepatikana kwa sikio lile.

Sasa sikio lenyewe lilikuwa linakufa, jamani, na la pili linalifuata. Aliyelijua hilo ni yeye peke yake. Au ndivyo alivyojiaminisha.

Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Nzito zilibaki. Maneno ya watu yakawa yanamfikia nusu nusu, yamepungua herufi zake, naye akajifunza kutazama midomo, kutabasamu, kutikisa kichwa na kusema "sawasawa" au "hamna neno". Kulikuwa na maneno mawili aliyoyaogopa kuliko ugonjwa wowote: sema tena. Fundi Sikio amwambie mtu sema tena? Siku hiyo hiyo habari ingefika sokoni, na kesho yake karakana ingebaki na kuku.

Ndiyo maana siku hizi alilipenda chujio la wazi. Pikipiki ikitoka kiwandani huvuta hewa kupitia sanduku la plastiki lililofichwa chini ya kiti, na sanduku hilo hupoza sauti. Ukilitoa, ukafunga mdomoni mwa kabureta chujio la wazi, lile lenye umbo la koni, injini huvuta hewa kwa raha zake na kunguruma kwa kishindo. Fundi aliwaambia wateja kwamba linaongeza nguvu, na hapo hakudanganya. Ila sababu yake hasa hakumwambia mtu. Injini yenye sanduku, kwake, ilikuwa kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Ya chujio la wazi aliisikia. Alikuwa anawauzia watu kile ambacho yeye mwenyewe alikihitaji.

Lakini chujio hilo lina masharti. Hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezwe, na petroli hupita kwenye jeti, kijishaba kidogo chenye kitundu katikati. Kitundu kikiwa chembamba mno, injini inakula hewa tupu na kuungua kwa ndani, hadi pistoni inanasa kwenye silinda. Ikinasa, tairi la nyuma linajifunga papo hapo, hata kama uko kwenye mwendo wa kasi. Kabla ya hapo injini huonya. Inapopanda mlima na mzigo hutoa mlio mwembamba, tiki tiki tiki. Mwembamba, nasema. Katika sauti zote, ndiyo hiyo iliyokwisha kumtoroka.

Asubuhi hiyo alikuwa ametandaza jeti tatu juu ya kitambaa. Alianza na kubwa, injini ikakohoa na kutoa moshi, akaikataa. Akafunga ya kati. Injini ikanguruma safi, nzito, bila kukohoa. Ndogo hakuigusa hata kuigusa.

"Inaimba," alisema, akaitoa bisibisi sikioni.

Njia nyingine ya kuhakikisha ilikuwapo, na kila fundi anaijua. Unaipandisha pikipiki kilimani kwa nguvu zote, unaizima ghafla, unafungua plagi na kuitazama rangi. Ikiwa ya kahawia, shukuru. Ikiwa nyeupe, injini inaungua. Lakini Fundi Sikio alikuwa amewasuta mafundi wenzake miaka nenda miaka rudi kwamba kukodolea macho plagi ni kazi ya asiyekuwa na sikio. Leo aanze yeye, mbele ya watu? Aliona ni afadhali afe.

Chiriku alizima, akashuka. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na jina hilo alipewa utotoni kwa sababu ya mdomo wake usiokaa kimya. Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo kutoka ghala la dawa hadi zahanati iliyoko juu ya mlima, ndani ya kisanduku cha baridi alichokifunga nyuma ya kiti. Pikipiki yake ilikuwa inachoka mlimani, barafu inayeyuka njiani, na msimamizi wa ghala alishamwambia kwamba akichelewa tena kazi atapewa mwenye pikipiki kubwa. Alimgusa baba yake begani, akazunguka akasimama mbele yake, ndipo akasema, "Baba, niijaribu hapo kilimani kwanza?"

"Ijaribu. Utaniambia mwenyewe."

Fundi aliupenda utaratibu huo wa kuguswa bega. Mabinti wa wenzake wanapiga kelele toka mlangoni. Wake anakuja karibu, ana adabu.

Chiriku aliipandisha kilima cha mtaani na kisanduku chake nyuma, akageuzia kileleni na kushuka. Mlangoni, nyuma ya cherehani, Mama Chiriku alilisimamisha gurudumu kwa kiganja. Yeye si fundi wa injini, lakini ukishona kando ya karakana tangu ujana wako, kuna vitu masikio yanavijua. Chini ya ule muungurumo alisikia kitu kingine, mithili ya punje za mchele zinazotikiswa ndani ya kopo.

"Baba Chiriku, mbona kuna kitu kinatikitika?"

Mumewe alikuwa amempa mgongo, anafuta mikono kwa tambara.

"Baba Chiriku! Nakuuliza, kinachotikitika ni nini?"

Aligeuka mdomo wa mkewe ukifumba. Hakuambulia hata neno. Akatabasamu. "Hamna neno, mama. Iko sawasawa."

"Haya. Wewe ndiye fundi." Mama Chiriku akasonya na kurudi kwenye mshono wake, na uchungu ukampanda. Siku hizi ndivyo alivyo huyu bwana. Unamsemesha, ametia pamba masikioni. Mara ya kwanza alidhani ni uchovu, kisha akadhani ni kiburi, na sasa alikuwa amekwisha kuamini kwamba sauti yake tu ndiyo iliyomchosha mumewe. Alikuwa amelilia jambo hilo zaidi ya mara moja, akiwa peke yake, maji ya bomba ameyafungulia.

Chiriku alirudi akicheka. "Baba, inapanda! Inapanda kama haina mzigo!" Akavaa kofia ngumu, akamgusa tena bega, akaondoka kuelekea ghalani. Fundi alimsikia hadi kona ya mwisho, akafurahi kwamba amemsikia.

*

Muuza mikate alitokea jua likiwa limeanza kuchoma, anaisukuma pikipiki yake, suruali imelowa tope hadi magotini. Kreti la nyuma lilikuwa limepinda. Karakanani walikuwapo wateja wawili wanasubiri, wamekaa juu ya tairi, na mlangoni mama mmoja alikuwa anapimwa gauni na Mama Chiriku.

"Fundi, imenoki, pistoni imenasa," alisema muuza mikate, na safari hii Fundi hakuhitaji masikio, uso ulitosha.

"Imekuwaje?"

"Nilikuwa barabara ya tambarare, namshukuru Mungu. Nimevuta mafuta kidogo tu, tairi la nyuma likajifunga, nikaserereka mpaka mtaroni. Mikate yote imekwenda na tope. Ningekuwa kwenye mteremko, saa hizi mngekuwa mnanichimbia."

"Oili ulikuwa nayo?"

"Oili ipo, ipime. Lakini wewe bwana nawe!" Muuza mikate alitua mzigo wa hasira aliokuja nao njia nzima. "Mimi si nilikuja juzi? Nikasimama hapo hapo ulipo, nikakwambia fundi, inanitolea mlio, tiki tiki, nikipandisha. Ukanipa mkono ukaniambia hongera sana. Hongera ya nini? Nimekwenda zangu najiuliza, nikasema labda ndiyo lugha ya kifundi."

Wateja waliokuwa juu ya tairi waliangua kicheko. Fundi naye akacheka, kwa sababu alikuwa amejizoeza kucheka wenzake wakicheka. Aliikumbuka siku hiyo. Mke wa muuza mikate alikuwa mjamzito, na yeye alidhani anapewa habari ya mtoto.

Alichukua spana, akafungua plagi. Akaipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, akaigeuza. Ilikuwa nyeupe pee, na kwenye ncha yake kulikuwa na vichembe vya alumini ya pistoni, vidogo kama chumvi.

Injini ile ilikuwa imeungua kwa kukosa petroli, na jeti iliyomo ndani yake ni yeye aliyeichagua, kwa sikio, mwanzoni mwa wiki. Ya kati. Ile ile aliyoifunga asubuhi kwa Chiriku.

"Huo mlio," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, "huo mlio ulikuwaje?"

Muuza mikate alifungua kinywa, lakini aliyejibu ni Mama Chiriku. Alikuwa amesimama mlangoni, kamba ya kupimia inaning'inia shingoni, na Fundi alikuwa anamtazama, kwa hiyo aliliona kila neno.

"Kama mchele ndani ya kopo. Nilikuuliza asubuhi. Ukaniambia hamna neno."

*

Fundi alitoa simu mfukoni, ikamponyoka, akaiokota kwenye mafuta machafu. Alibonyeza jina la bintiye, akaikandamiza sikioni. Hakusikia kitu. Inaita? Imepokelewa? Mtoto anaongea? Hakuwa na namna ya kujua. Akahamishia sikio la pili, kimya kile kile. Basi akaanza kupiga kelele ovyo, mishipa imemtoka shingoni.

"Chiriku! Simama! Vuta klachi, zima! Zima hapo hapo ulipo!"

Wateja waliacha kucheka. Mama aliyekuwa anapimwa gauni alijifunga kanga yake vizuri, akasogea nyuma.

"Unaongea na nani?" Mama Chiriku alimsogelea, akaona kioo cha simu. "Bado inaita hiyo. Hajapokea. Unaongea na nani, baba?"

Aliona midomo yake. Akaona pia macho ya watu wote karakanani, na akajua kwamba hapa ndipo alipokuwa anapakimbia siku zote. Akamnyooshea mkewe simu.

"Nisikilizie."

"Nini?"

"Nisikilizie, mke wangu. Mimi sisikii."

"Simu mbovu?"

"Simu nzima. Ni mimi. Masikio. Sikukusikia asubuhi. Sikusikii siku nyingi sasa."

Mama Chiriku alimkazia macho. Kilio chote kile, bomba lote lile alilolifungulia! Alitaka kumzaba kofi, na katika pumzi hiyo hiyo alitaka kumshika kichwa amlaze kifuani. Hakufanya hata moja. Aliipokea simu, akaiweka sikioni.

"Inaita," alisema, akiutazama uso wa mumewe ili amwone. "Inaita. Inaita tu. Imekatika."

"Piga tena."

"Inaita. Hapokei. Yuko barabarani, simu iko mfukoni."

"Atakuwa ameshaanza mlima," alisema Fundi. "Na mimi nimemwambia asiionee huruma."

*

Pikipiki ya karakana ilikuwa kuukuu, ina sanduku lake la hewa la tangu kiwandani, na haikuwa na haraka ya kwenda popote. Fundi alipiga kiki, mkewe akapanda nyuma, simu mkononi, wakatoka. Muuza mikate alibaki ameshika kreti lake, amesahau hata hasira.

Hawajafika mbali, Mama Chiriku akasikia honi nyuma yao, honi ya lori, ndefu, ya mtu aliyekasirika. Alingoja mumewe asogee. Hakusogea. Honi ikalia tena, sasa iko mgongoni kabisa, na joto la injini ya lori akalihisi kwenye visigino. Mumewe anaendesha katikati ya njia, ametulia tuli, macho mbele. Akampiga bega la kushoto kwa nguvu. Fundi akahamia kushoto, lori likapita na upepo wake, na utingo akawatukana tusi ambalo alilisikia mmoja tu.

Kumbe ndivyo anavyoendesha. Kila siku akienda kununua spea, kila jioni akimleta yeye toka sokoni, amempakia nyuma na vifurushi vyake mapajani, walikuwa wanapita kati ya magari na huyu mtu hasikii hata moja. Mama Chiriku alikaza mikono kiunoni kwa mumewe. Kuanzia hapo akawa anamgonga kushoto, anamgonga kulia, na kila alipomgonga Fundi alitii bila kugeuka.

Alipomgonga bega mara ya tatu au ya nne, akakumbuka. Kuna mtu mwingine anayemgusa bega huyu kabla ya kumsemesha. Anamgusa bega, halafu anazunguka mbele. Mungu wangu, alisema moyoni, mtoto anajua.

Akapiga simu tena. Ikaita, haikupokelewa.

Mlima ulianza baada ya daraja. Barabara ilipinda na kupinda, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde lililojaa vichaka, na chini kabisa mabaki ya basi lililotumbukia zamani ambayo hakuna aliyejisumbua kuyatoa. Kwenye kila kona Mama Chiriku alichungulia bondeni, na kila alipochungulia alitafuta rangi nyekundu ya pikipiki ya bintiye, na alipoikosa alishukuru hadi kona iliyofuata. Fundi hakuchungulia. Yeye alikuwa anatazama lami. Alijua anachokitafuta.

Alikiona baada ya kona ya mwisho, pale barabara inaponyooka. Ni mstari mweusi wa mpira ulioungua, unaanza ghafla katikati ya njia, unayumba, unavuka kwenda upande wa magari yanayoshuka, unarudi, na kuishia kwenye changarawe za ukingoni. Mbele yake kulikuwa na watu wamekusanyika, wengi wao waendesha pikipiki wa kijiwe cha pale juu. Kofia ngumu ilikuwa chini, imepasuka. Fundi alisimamisha pikipiki, hakushuka.

Mkewe alishuka. Aliwasukuma watu kwa viwiko, akatoweka katikati yao, na Fundi akabaki juu ya pikipiki anautazama mgongo wa umati. Kama kulikuwa na mtu analia, asingejua. Kama mkewe alikuwa anapiga yowe, asingejua. Jamani, hofu ya mtu anayesikia ina mwisho, maana atasikia habari. Yeye alingoja hapo, ameshika usukani, hadi watu waliposogea na akamwona Chiriku.

Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kiatu kimoja hana, mkono wa shati umechanika wote, na kuanzia kiwikoni hadi kifundo cha mkono ngozi imebanduka. Mama yake amepiga magoti, anampuliza kidonda kama alivyokuwa akimpuliza utotoni. Mzima. Fundi alikwenda, akachuchumaa mbele yake.

"Chanjo imefika," alisema Chiriku, taratibu, uso umemwelekea. "Mmoja wa hawa kanipelekea. Ilikaza nikiwa nimevuta mafuta yote, baba. Nikavuta klachi kama ulivyonifundisha. Lori lilikuwa linashuka. Limepita hapa." Akaonyesha kwa mkono, karibu na bega lake.

"Ililia? Ilikuwa inalia kabla?"

"Ililia tangu darajani. Tiki tiki, mlima mzima." Akameza mate. "Nikajisemea, baba kaisikiliza asubuhi yote. Ingekuwa mbaya asingeniacha niondoke. Watu najua huwasikii. Najua siku nyingi. Injini nilidhani unazisikia."

Fundi aliliona neno hilo lote, hakuna lililompotea, na akatamani angalau hilo lingempita.

Vijana wa kijiwe walikuwa wamemtambua. Wakamzunguka, wanaongea wote kwa pamoja, na mmoja mwenye meno ya mbele yaliyoachana akamjia usoni kabisa.

"Pole, Fundi Sikio! Hii ni petroli, hii. Siku hizi wanachanganya na mafuta ya taa, hawana haya! Injini iliyopita mikononi mwako itanoki yenyewe tu? Haiwezekani!"

"Petroli hiyo!" wenzake wakaitikia.

Walikuwa wamemletea mlango, wameufungua, wamebaki wanangoja apite. Angetikisa kichwa tu, aseme ndiyo, petroli, na wangeshuka naye mlimani wakiwatukana wenye vituo vya mafuta. Jina lingebaki. Karakana ingebaki. Mkewe aliinua uso toka kwenye kidonda, akamtazama. Angeweza kumsemea. Alimwachia aseme mwenyewe.

Fundi aliitazama pikipiki ya yule kijana. Chini ya kiti, pale ambapo sanduku la hewa lilipaswa kuwa, kulikuwa na koni inayong'aa. Alikumbuka kuifunga kwa mikono yake. Nyuma ya hiyo ilisimama nyingine yenye koni kama hiyo, mwenyewe amekwisha kukaa kwenye kiti, na nyuma yake amepakia mama mwenye mtoto mgongoni. Walikuwa wanashuka au wanapanda? Injini inawaka au imezimwa? Fundi aliitazama, na hakujua.

"Si petroli," alisema.

Wakamwangalia.

"Petroli nzima. Jeti ina kitundu chembamba mno, na niliyeifunga ni mimi." Alisikia sauti yake kwa mbali, nzito, na hakujua kama anaongea kwa kunong'ona au kwa kupiga kelele. Kwa nyuso zao akajua anapiga kelele. "Mimi sisikii. Mmenielewa? Nimekuwa kiziwi. Nimewafungia vitu ambavyo sikuvisikia. Wewe, na wewe pale, zimeni. Msishuke nazo, msipande nazo, hata kama mteja anawapigia simu. Mama, shuka hapo, tafadhali. Shuka na mtoto."

Yule mwenye meno yaliyoachana alitaka kucheka, akamtazama Mama Chiriku, akaacha. Mama mwenye mtoto alishuka. Mikono ikaenda kwenye funguo, mmoja baada ya mwingine, hata wale ambao hawakuwa na koni walizima, kwa sababu wenzao wamezima. Kimya kikaanguka barabarani, wakasikia maji yanachuruzika kwenye mwamba na upepo ukipita bondeni.

Kwa Fundi hakuna kilichobadilika. Ilimbidi ahakikishe. Akaenda kwenye pikipiki ya kwanza yenye koni, akaweka kiganja juu ya tangi, akangoja kama linatetemeka. Halikutetemeka. Akaenda kwenye ya pili, akaweka kiganja. Halafu akaenda kwenye ya tatu, ambayo hata hakuifungia koni, na ya nne, akigusa tangi baada ya tangi, na vijana wakawa wanasogea kumpisha. Mmoja alivua kofia.

Chiriku aliinuka kwenye jiwe, akachechemea na kiatu chake kimoja hadi mgongoni kwa baba yake. Safari hii hakumgusa bega. Pengine ni kwa sababu mkono ulikuwa unamuuma, au pengine alichoka kuificha siri ambayo haikuwa siri tena.

"Zote zimezimwa, baba," alisema.

Fundi alihisi kuna mtu nyuma yake, akageuka. Aliiona midomo imeshafumba. Umati mzima ulikuwa unamtazama. Tabasamu lile la siku zote lilianza kumjia, na kichwa kilikuwa kimeshaanza kutikisika chenyewe. Akakisimamisha.

"Sijakusikia, mwanangu," alisema. "Sema tena."